Meza Iliyolia

Ko. Ko, ko.

Shen Maolin alikuwa ameinamia bakuli la tambi, haoni kitu zaidi ya mvuke, masikio yake yaliposimama. Nyuma ya kiwambo cha nyumba ya chai mtu alikuwa anagonga meza kwa kifundo cha kidole, anatulia, anahamia meza nyingine, anagonga tena. Hapa Suzhou mgonga meza wa namna hiyo ama anatafuta mchwa, ama amepata pesa juzi na jana akaambiwa kwamba mbao bora hujulikana kwa mlio. Mtafuta mchwa havai viatu vipya. Hivi vilikuwa vipya, vinalia kama bata.

Maolin akaliacha bakuli. Si jambo dogo. Lilikuwa na kipande cha nguruwe ambacho hajakigusa.

Mgongaji aliitwa Ye Guanrong, mwenye kiwanda cha soksi. Alikuwa amefundishwa mambo matatu kuhusu huanghuali, ile mbao ya manjano ambayo mabwana wa zamani walichongewa viti vyao: ina mlio mkavu, ina harufu tamu, na penye vifundo michirizi yake hujikunja ikawa nyuso za mizimu. Kwa mtu kama Maolin, anayejua mambo matatu ni riziki nono kuliko asiyejua lolote. Asiyejua lolote huogopa.

Akapita kando yake bila kusimama. "Usiigonge hiyo, bosi. Ni msonobari, utaiumiza."

"Nani kakwambia nanunua?"

"Kidole chako."

Ye akacheka, akamshika mkono wa koti. Maolin akajitahidi sana kutotaka kuongea. Akasema hana cha kuuza, ana shangazi mgonjwa tu, na meza moja ya ukoo ambayo shangazi huyo angelia ikitoka ndani. Kufikia birika la pili, Ye alikuwa akimbembeleza.

Katika yote hayo, shangazi ndiye aliyekuwa wa kweli. Shen Yuzhen ndiye aliyemlea Maolin, na darini alikuwa ameweka mbao zake za jeneza: mberoshi mnene, uliobandikwa karatasi nyekundu, ambao kila mwaka mpya aliupangusa na kuusifia. Alilala chini yake kwa amani, kama mtu ambaye nauli yake iko mfukoni. Majira ya baridi mawili yaliyopita, Maolin aliziuza mbao hizo apate mtaji wa ujanja wake. Akamwambia shangazi kwamba amezipeleka kwa fundi wa shamba zinywe mafuta. Kila alipoulizwa alijibu kwamba mafuta yanaendelea kuingia. Kufikia sasa yangetosha kukaangia mji mzima.

Kisha mganga akasema presha ya mama huyu imepanda vibaya. Maolin, aliyeweza kuudanganya mji bila kupepesa, akaanza kukosa usingizi. Kila kitu kingine angekivumilia, lakini si shangazi kuzikwa ndani ya mbao za masanduku ya machungwa. Soksi za Ye ndizo zingeurudisha mberoshi ule.

Meza yenyewe aliitoa kijijini kwa mtengeneza tofu. Ilikuwa imekaa kando ya jiko vizazi kadhaa, nyeusi tii kwa masizi na maziwa ya soya. Ilikuwa nzito kiasi cha kumtegua kiuno, akayalaumu masizi. Randa iligoma kuingia, akailaumu randa. Hakuikwangua zaidi, maana kukwangua ni kazi ya mafundi, na yeye alijihesabu msanii. Akaiosha juu juu kwa maji ya majivu, akaipaka rangi ya asali, kisha kwa brashi nyembamba akachora nyuso za mizimu. Mmoja alicheka, mmoja alinuna, na wa pembeni, ukimtazama sana, alifanana na Maolin mwenyewe.

Ikabaki harufu. Maranda ya huanghuali halisi huuzwa kwenye maduka ya dawa, na Maolin alikuwa na mtungi wake juu ya jiko. Akayachemsha, akasugua kwa maji hayo ya moto upande wa chini na miguu yote. Chumba kizima kikanukia mpaka paka akapiga chafya. Maolin akasimama katikati ya mvuke, mikono kiunoni, akajionea fahari kiasi cha kusikitika kwamba hawezi kumwambia mtu.

Ye alikuja na lori dogo, dereva, na chupa ya pombe kali ya mtama. Akagonga: ko. Mlio ukatoka mkavu, safi, mpaka Maolin mwenyewe akashtuka, kisha akajipongeza, ingawa hakujua kwa lipi. Ye akaingia chini ya meza kunusa na akatoka macho yamelowa. Wakakubaliana bei, furushi la noti likawekwa mezani, na Ye akamimina vikombe viwili, kwa kuwa biashara kavu haina baraka. Akainua chake kwa furaha iliyozidi. Nusu ya pombe ikamwagika.

Mzimu uliokuwa unacheka ukaacha kucheka. Jicho lake la kushoto likateremka shavuni, mdomo ukalifuata, na vyote vikaelekea ukingoni taratibu kama waombolezaji.

Maolin alikuwa amejiandaa kwa kila swali, lakini si kwa machozi. "Mbao hii ina hisia," akasema. Ndicho kitu bora alichokipata, na hata leo kinamuuma kuliko hasara yote.

Ye akatoa leso, akafuta. Akafuta tena, kwa upana zaidi. Akainama karibu, akanusa palepale alipofuta, na akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida ya mtu mwenye hasira. Maolin hakuona, alikuwa amefumba macho akitunga msamaha. Kisha sauti ya Ye ikapanda ghafla, mpaka wauza maandazi darajani wakageuka. Akataja polisi, akataja kaka zake wanne wapakia mizigo, akamtaja mama yake Maolin kwa namna isiyoandikika.

"Polepole, bosi wangu, kuna mgonjwa juu," Maolin akasihi, akimsukumia noti zake. "Chukua pesa zako. Na meza ichukue, kapasue kuni."

"Naichukua, mpumbavu wewe, usije ukamwibia mwingine nayo."

Wakaibeba hadi lorini, Maolin upande mzito. Ye akaifunga kwa mablanketi mawili, kisha akavua koti lake mwenyewe akalizungushia pembeni, na siku ile ilikuwa ya baridi kali.

Maolin akapanda ngazi mikono mitupu. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, mashavu yamewiva, akauliza ni nani aliyekuwa anabweka. Kisha, kwa aibu kidogo, akauliza ataleta lini maranda mengine.

"Maranda gani, shangazi?"

"Ya mtungini. Nayanywa tangu vuli. Mganga anasema kwa presha hakuna kinachoyashinda. Sikutaka ugundue, nikakujazia maranda ya ile stuli iliyovunjika."

Maolin akakaa chini. "Juzi nilipochemsha sufuria..."

"Ulichemsha stuli."

"Na ile harufu?"

"Tamu kweli. Nikadhani umenunua mengine."

Kila kitu kikamrudia: harufu iliyotoka mezani yenyewe, uzito, randa iliyogoma, ule mlio, koti juu ya blanketi. Alizijua mbao zote za Suzhou isipokuwa ile aliyoibeba kwa mgongo wake, na juu ya nyuso za kweli alichora za uongo, tena mbaya. Akaruka hadi mlangoni. Akasimama. Aende kwa mwenye soksi akaseme nini? Kwamba safari hii ni kweli?

"Na mbao zangu," shangazi akasema nyuma yake, "bado zinakunywa?"

Akafungua kinywa atoe uongo wa kila siku, haukutoka. Akamweleza yote.

"Najua," shangazi akasema. "Aliyezinunua alipita nazo chini ya dirisha hili, karatasi yangu nyekundu bado iko juu. Ndiyo maana sikuona haya kunywa maranda yako."

Maolin akalia, safari hii bila kumwagiwa pombe. "Sasa nitakulaza wapi, shangazi?"

Shangazi akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kina nguvu. Mganga alipita asubuhi, shangazi akamwambia. Presha imeshuka, moyo ni wa msichana.

"Usihofu, mwanangu. Kama hakuna pa kunilaza, silali. Nakuahidi mbele ya picha ya baba yako: sifi mpaka mbao zangu zirudi darini. Nitakaa humu humu na wewe, na kila asubuhi nitakuuliza."