Muhuri wa Hana Uwezo

Saa tatu kamili asubuhi, Jumatatu tarehe 4 Novemba 2019, mkurugenzi wetu, Bwana Crispin Tunnicliffe, alikata utepe mlangoni pa chumba kilichokuwa stoo ya karatasi za chooni, akatangaza kuzaliwa kwa Kitengo cha Fidia kwa Mikopo Isiyobebeka. Kampuni ya Mkono wa Jirani, alisema, imeingia zama za kumsikiliza mteja. Mimi niliteuliwa Mkuu wa Kitengo. Hakuna mwingine aliyeteuliwa.

Hapa Burslem, Uingereza, tunakopesha watu majumbani mwao. Wakala anabisha hodi, anakaribishwa chai na biskuti, anaacha pauni mia mbili, kisha anarudi kila Ijumaa kuzichukua mpaka zifike mia nne. Sheria inataka kwanza amuulize mteja kama ataweza kulipa; asipoweza, mkopo haubebeki, na riba yake hurudishwa. Mawakala wetu waliona ni utovu wa adabu kumuuliza mtu swali hilo ukiwa umeshika biskuti yake.

Saa tatu na dakika kumi na mbili simu iliita. Alikuwa Bi. Doreen Cartlidge, miaka sitini na mmoja, mpakuaji wa chakula katika shule ya msingi. Kipato: pauni 118 kwa wiki. Mikopo: kumi na mmoja. Alitaka arudishiwe riba ya pauni 1,860, kwa kuwa boila ya kupasha nyumba yake joto ilikuwa imekufa na fundi hataki hadithi, anataka pesa.

"Bata," alianza. Kwetu kila mtu huitwa bata, kuanzia mzoa taka hadi askofu, kwa hiyo sikuliingiza neno hilo kwenye kumbukumbu. "Bata, nalala na koti. Jana nimelala na makoti mawili na paka."

"Mkopo wa kwanza ulilipa?"

"Nililipa."

"Basi ulibebeka."

"Nililipa kwa mkopo wa pili."

"Na wa pili?"

"Kwa wa tatu. Usijitie hujui, bata, hesabu mmepiga wenyewe."

Niliandika: mteja ana vyanzo kumi vya mapato.

"Na wa kumi na moja?"

"Huo sijalipa. Hamkunipa wa kumi na mbili."

Niliandika: mkaidi.

Kanuni ya nne ya huduma bora inataka mteja ajuliwe hali kabla ya kukata simu. Nikamuuliza, "Lakini kwa jumla, mama, hali yako?"

"Siwezi kulalamika, bata."

Hivyo ndivyo tunavyojibu wote, kumaanisha sijambo. Hata anayetolewa nyumbani kwa machela, mguu mmoja ukining'inia, hujibu hivyohivyo. Lakini mimi ni mtumishi wa maandishi. Mlalamikaji alikuwa ametamka kwa kinywa chake kwamba hawezi kulalamika, na lalamiko la asiyeweza kulalamika haliwezi kuwa lalamiko. Nililifunga saa tatu na dakika kumi na tisa.

Bwana Tunnicliffe alifurahi sana. Aliagiza muhuri wa HANA UWEZO WA KULALAMIKA. Mchongaji alitoza kwa herufi, kwa hiyo maneno "kulalamika" na "wa" yaliachwa kwa sababu za bajeti, ukabaki HANA UWEZO. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimegonga na kusaini majalada 412. Mteja mmoja tu, kutoka mji jirani wa Tunstall, alipoulizwa hali alijibu kwamba ni mbaya. Uchunguzi ulibaini kuwa ni Mfaransa.

Jumatatu iliyofuata Bi. Cartlidge alikuja mwenyewe, barua yetu yenye muhuri mkononi, makoti yote mawili mwilini.

"Hapa mmeandika sina uwezo."

"Ni maneno yako, mama."

"Uwezo wa nini?"

"Tulifupisha."

Aliisoma tena. "Mama yangu alipoanza kusahau, akawa anaweka viatu kwenye friji, daktari alimpa karatasi yenye maneno haya haya. Benki ikakataa hata kumwazima kalamu. Wakasema sahihi yake haina maana tena."

"Pole sana."

"Mimi sijapoa, bata, nimeganda. Hii barua naruhusiwa kwenda nayo?"

Nilimwambia ni mali yake. Hiyo ni kanuni ya sita.

Tarehe 2 Desemba alifika Msuluhishi wa Malalamiko ya Fedha, Bi. Gwenllian Prosser, na nakala ya barua hiyo. Aliomba majalada yote. Tuliyabeba kwa fahari.

"Umethibitisha watu 412 hawana uwezo?"

"Kwa sahihi yangu," nilisema.

"Tangu lini hawana?"

Bwana Tunnicliffe alitaka kuonyesha uimara wa kampuni. "Tangu siku ya kwanza," alisema. "Hawajawahi kuwa nao."

"Asiye na uwezo mkataba wake ni batili. Mlijua hivyo, na bado mkawakopesha?"

Mkurugenzi alinywa maji. "Bibi, hao ni wazima kabisa. Wana akili kuliko sisi."

"Hilo nimeliandika. Basi chagueni. Wana uwezo, nifungue malalamiko 412 leo. Au hawana, nifute mikopo yao yote leo. Vyovyote vile riba inarudi."

Bwana Tunnicliffe aliomba muda wa kuunda kamati. Alipewa dakika tano. Kamati, yaani mimi na yeye, iligawanyika sawa kwa sawa.

Alhamisi tarehe 19 Desemba, saa nne asubuhi, fidia zilitoka. Bi. Cartlidge alipokea pauni 1,860 kamili. Saa saba kasorobo alipiga simu kunijulisha kwamba fundi ameshaondoka na paka amehamia juu ya boila. Alipopiga simu hiyo hakuwa na koti; nilimuuliza, akathibitisha.

Saa saba kamili Bwana Tunnicliffe aliingia chumbani kwangu. Kadi ya kampuni ilikuwa imekataliwa kwenye duka la chapati za shayiri, mbele ya foleni.

"Niazime pauni tatu, bata. Nitakurudishia Ijumaa."

Nilichukua fomu ya tathmini ya uwezo wa kulipa. Ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna aliyewahi kuijaza tangu kampuni ianzishwe.

"Kipato kwa wiki?"

Aliweka mezani kadi iliyokataliwa.

"Wategemezi?"

"Magari mawili."

"Madeni?"

"Si unayajua. Umeyasaini wewe."

Nilijumlisha mara mbili ili nisimwonee. Mkopo haukubebeka. Nilimnyima saa saba na dakika tisa.