Malalamiko Kuhusu Wapangaji wa Utumbo Wangu Mpana

Kwa Daktari Mkuu,
Kituo cha Afya cha hapa mtaani.

Ndugu Daktari,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUGUZI WA LISHE, PAMOJA NA OMBI LA KUFUTIWA MIADI YA ALHAMISI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, na kama si mzima basi angalau u mahali pazuri. Mimi ni mwenye ile mashine ya kusaga nafaka iliyo nyuma ya kituo chako, ambayo kelele zake, kwa maelezo ya wauguzi wako, zinawazuia kusikia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Kwa hilo nilishaomba radhi. Watu huniita Pamba, kwa sababu unga wangu ni laini na mweupe pee. Nimesaga kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote barua ya malalamiko, isipokuwa mara mbili.

Ninayemlalamikia ni muuguzi wako wa lishe, yule mwembamba mwenye miwani, anayekaa chumba cha mwisho chenye mlango unaokwaruza sakafu. Ili usije ukasikia pembeni, naungama mapema kwamba ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye baba yake mdogo niliyemlea tangu alipofiwa. Lakini barua hii naiandika kama mwananchi. Undugu nimeuweka juu ya gunia, nitauchukua nikimaliza.

Mwezi uliopita nilikuja kwenu kwa jambo dogo tu. Tumbo lilikuwa limegoma siku ya nne na nilitaka kidonge. Badala ya kidonge nikapewa somo la saa nzima, na juu yake karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupimwa utumbo kwa kamera, Alhamisi ijayo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kudharauliwa kwa kazi yangu. Muuguzi aliniuliza nakula nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba jikoni kwangu hauingii unga ambao nafaka yake haikukobolewa mara mbili, na wenyewe kuchekechwa mara tatu. Hiyo ndiyo kanuni ya mashine yetu, na aliyeiweka ni kaka yangu, yaani baba yake yeye mwenyewe: nyunyiza unga kwenye suruali nyeusi, ukiona hata chembe moja ya kahawia, rudisha. Unajua mtoto huyu aliniambia nini? "Baba mdogo, chakula unawapa kuku, halafu wewe unakula kilichobaki." Alisema hayo mlango ukiwa wazi, na kwenye benchi la nje kulikuwa na mteja wangu, ambaye tangu siku hiyo anasaga bila kukoboa. Ni kweli kwamba pumba zangu huchukuliwa na jirani mfuga kuku. Ni kweli pia kwamba kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona kuku amechuchumaa akiguna. Lakini hayo ni mambo ya kuku.

2. Wapangaji. Alinionyesha ile picha ya utumbo mliyoibandika ukutani, iliyochorwa kama mpira wa kumwagilia maji uliokunjwa vibaya. Akanieleza kwamba nyuzinyuzi, yaani yale makapi ya nafaka, ya maharage, ya mboga na ya maganda ya matunda, tumbo langu haliwezi kuzisaga, bali zinapita vilevile mpaka utumbo mpana. Nikamwambia kitu kisichosagika ni kosa la msagaji. Hakucheka. Akasema huko utumbo mpana wanaishi bakteria, matrilioni kwa matrilioni, na wao ndio wanaozichachua na kuzila. Ndugu Daktari, nina miaka hamsini na minane. Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa jasho langu na namjua kila anayelala ndani. Kumbe muda wote natembea na umati ambao haukubisha hodi, haukujitambulisha kwa kiongozi wa mtaa, na hakuna daktari aliyewahi kunidokeza! Mbaya zaidi, anadai kwamba wakikosa nyuzinyuzi wanageukia ule ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuanza kuutafuna. Yaani mpangaji akikuta sufuria tupu anakula plasta. Nani aliwapa ruhusa hiyo? Naomba niletewe orodha ya majina yao.

3. Asidi. Mwaka juzi daktari wa chumba cha kwanza hapo kwako alinipa vidonge vya kupunguza asidi tumboni, nikavimeza kwa utiifu mpaka vikaisha. Sasa wa chumba cha mwisho ananiambia heri yote ya utumbo mpana inatokana na asidi. Anasema wale wapangaji wakishakula nyuzinyuzi hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Moja yao huitwa butireti, nayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo. Zikiila zinapata nguvu, ukuta unakaza, uvimbe wa ndani unatulia, na vijidudu vikorofi havipendi kukaa hapo. Nikamuuliza kwa upole, je, kituo kina msimamo gani kuhusu asidi? Akajibu kwamba tumbo ni chumba kimoja na utumbo mpana ni kingine, na moto unaofaa jikoni haufai kitandani. Jibu lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Tena nauliza: mtu mzima kama mimi, mwenye familia, kwa nini nipewe mnyororo mfupi? Kama mirefu ipo, itolewe.

4. Dozi. Aliniagiza nianze na kijiko kimoja cha pumba kwa siku, niongeze polepole juma baada ya juma, na ninywe maji mengi. Mimi ni mtu wa kazi, sina muda wa kubembelezana na pumba. Nikakadiria nikaona dozi ya mwezi mzima inaenea kwenye bakuli moja, nikaila yote Jumatatu asubuhi, kavu, nimesimama kando ya mashine, nikashushia na nusu kikombe cha chai. Nakiri kwamba mashine yangu ukiimiminia gunia zima kwa mpigo inakwama, na mteja anayefanya hivyo namfokea mpaka anajuta kuzaliwa. Lakini nilidhani mwili una akili kuliko mashine. Tumbo likagoma tena, safari hii siku tano, limejaa kama ngoma. Muuguzi alipokuja nyumbani akanikuta nimelala chali. Alisema maneno mawili tu, "Baba mdogo," akaenda kuchemsha maji. Naomba aonywe kwa sauti ile aliyoitumia.

5. Uchochezi ndani ya ndoa. Mke wangu, ambaye tulisikilizana vizuri kwa miaka thelathini, sasa amehamia upande wa pili. Chungwa hanikamulii tena, nalitafuna na nyama zake. Maharage yanapikwa kana kwamba tunalisha jeshi. Nikiwa chooni anakuja kusimama mlangoni na kuuliza, "Vipi, baba?" kwa sauti inayofika kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na fundi viatu naye siku hizi akiniona ananiuliza vilevile. Nilikuwa mtu wa heshima katika mtaa huu.

6. Hewa. Nilipoanza upya, kijiko kwa kijiko na maji juu, wapangaji walifurahi, na furaha yao wakaitangaza. Waliitangaza katika kikao cha wafanyabiashara, ukumbini, nikiwa nimesimama nazungumzia umuhimu wa utulivu mtaani. Mwenyekiti alifungua madirisha yote mawili kwa mkono wake. Muuguzi anasema hiyo ni dalili kwamba wanafanya kazi, na mwili ukizoea itapungua. Hata mashine yangu hunguruma ikifanya kazi, lakini siendi nayo vikaoni.

7. Karatasi ya Alhamisi. Hili ndilo kubwa, na nimelichelewesha kwa makusudi. Tumbo sasa limetulia. Naenda chooni kila asubuhi kama karani anayeripoti kazini. Mtu aliyepona anapimwa nini? Nilimwambia hivyo muuguzi. Akanijibu kwamba pumba na maharage ni walinzi wazuri, lakini mlinzi hamfukuzi mwizi aliyekwisha kuingia. Na mtu wa umri wangu, ambaye kaka yake wa tumbo moja alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, lazima achunguzwe.

Hapo nikakasirika. Nikamuuliza kama anataka kusema unga wetu mweupe ndio uliomuua baba yake. Maana kaka aliula unga huo maisha yake yote. Sisi tulikua tukila makapi, na siku alipopata mashine aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeyaonja tena. Unga mweupe ndio uliokuwa ushahidi wetu kwamba tumetoka kwenye shida. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka kumi na mmoja, na kila siku nilipowasha mashine nilikuwa nalo.

Ndugu Daktari, alivua miwani. "Sijui, baba mdogo, na hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba baba aliona damu chooni mwaka mzima akanyamaza kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humfichua." Kisha akaniuliza kama mimi nami nimeona kitu. Nikamwambia sijaona chochote, na asinichurie. Mtoto hamuulizi mzazi wake swali la namna hiyo, na hilo ndilo lalamiko langu la saba.

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba kwa heshima: muuguzi ahamishiwe kituo cha mbali, ikiwezekana mahali ambapo watu hawana utumbo, bakteria wapewe notisi ya miezi mitatu, na wakihama wasiondoke na butireti, picha ya ukutani ibanduliwe, na miadi ya Alhamisi ifutwe. Karatasi yenyewe nimeiambatanisha humu, ikiwa imekunjwa mara nne, lakini inasomeka.

Nisalimie wote hapo kituoni: karani wa kadi asiyenyanyua uso, mama wa usafi aliyeniazima kandambili siku ile ya haraka, na mlinzi, mwambie unga wake u tayari. Msalimie pia mtuhumiwa. Mwambie alisahau mwavuli wake kwetu, na mama yake mdogo amemwekea maharage.

Nabaki kuwa jirani yako mwenye kelele na mwenye haki,

Pamba,
Msagaji.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nikaifungua tena. Kwenye lalamiko la saba nimesema nilimwambia muuguzi kwamba sijaona chochote. Nimeona. Mara tatu tangu mwezi uliopita, na ya tatu ni leo asubuhi. Naogopa, Ndugu Daktari. Nilishindwa kumtamkia yeye kwa mdomo, maana nilimwona baba yake usoni mwake, ndipo nikaamua kukuandikia wewe kurasa zote hizi. Tafadhali mpe barua aisome, ila ile sehemu ya kuhamishwa uikate kwanza kwa mkasi. Asihamishwe popote. Karatasi nimeichomoa humu, nimeinyoosha kwa pasi, iko mfukoni mwangu. Naomba apewe ruhusa siku hiyo anisindikize, akae upande mmoja na mke wangu upande mwingine, kwa sababu peke yangu najijua, nitashukia njiani. Mfuga kuku nimeshamwarifu kwamba pumba za juma hili hazipo, tumezila. Alhamisi mashine itakuwa kimya kutwa nzima, kwa hiyo wauguzi wako wasikilize mioyo ya watu vizuri.