Vita vya Mkono-Mmoja Chini ya Dirisha la Misaada

Njooni, enyi mliowahi kusoma kitabu huku mtoto akikitafuna! Sogeeni, enyi mlioingia darasani na uji begani! Acheni sufuria ichemke, acheni simu ilie, kwa maana nataka kuwahadithia vita ambavyo wanahistoria, kwa uvivu wao, wamevipita kimya. Nami sikusimuliwa, nilikuwepo, tena mimi ndiye niliyekuwa jeshi lote.

Shujaa wetu ni mwanafunzi mwenzangu wa uchomeleaji vyuma, mama wa mtoto mmoja mwenye makelele ya darasa zima, ambaye chuo kizima kilimwita Kishindo. Mama mtu tulimwita Mkono-Mmoja. Si kwa kuwa alipungukiwa na kiungo, la hasha, bali kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikuwa mali ya Kishindo, asubuhi na jioni. Kwa mkono mmoja aliandika, kwa mkono mmoja alifua, na kwa mkono huo huo alinizaba kofi la kirafiki kila nilipokosea hesabu.

Ikawa dada yake, aliyekuwa akimshikia mtoto saa za masomo, amepata kazi mji mwingine. Na Jumatatu ulikuwa mtihani wa karakana, mahali ambapo cheche huruka na mtoto haruhusiwi hata kuchungulia. Lakini chuo kilikuwa na msaada kwa wanafunzi wenye watoto. Kililipia kituo cha malezi, na kilitoa vifaa vya masomo, zikiwemo glavu za ngozi, maana za kwake zilikuwa zimetoboka vidole vyote. Maombi yalifungwa Ijumaa ile jioni. Akikosa mhuri wa Afisa wa misaada kwenye fomu yake, hana wa kumwachia mtoto. Akikosa mtihani, anarudia mwaka. Nilimwona akimfunga Kishindo viatu, tayari kwa vita.

Basi tukaiendea ngome, yaani jengo la ofisi ya misaada. Langoni aliketi Bawabu, mlinzi asiyesinzia, filimbi shingoni, na juu ya kichwa chake tangazo: WATOTO HAWARUHUSIWI NDANI YA JENGO. Mkono-Mmoja akanikabidhi Kishindo, akapanda ghorofani peke yake, akashuka amekunja uso.

"Afisa anataka kumwona mtoto," akasema. "Kwa macho yake. Picha hataki, eti kuna mtu aliwahi kumpelekea picha ya mtoto wa jirani."

Kisha akamgeukia Bawabu, akakohoa kama wafanyavyo wakuu kabla ya hotuba, akanena:

"Shikamoo, baba. Sikuja kushindana na wewe. Lakini hebu nisaidie kufikiri. Ofisi ya kuwasaidia wenye watoto inamtaka mtoto, na mlango wa ofisi hiyo hiyo haumtaki mtoto. Sasa nimpitishe wapi, kwenye tundu la ufunguo?"

Bawabu akainuka, akavuta mkanda wa suruali, akajibu:

"Marahaba, binti yangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami ni mzazi, tena nina wajukuu. Lakini kuna mama niliyemhurumia, akaingia na watoto wake pacha, wakabonyeza kengele ya moto! Jengo zima likakimbilia nje, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo. Leo hata akija mtoto wa mkuu wa chuo, atalilia hapa hapa."

Mimi, kwa cheo changu cha mshauri wa vita, nikapendekeza tumtie Kishindo kwenye mkoba. Walinitazama kwa namna ambayo sitaiandika humu.

Ndipo Mkono-Mmoja alipoinua macho, akaliona dirisha la Afisa liko wazi. "Penye nia pana dirisha!" akapaza sauti, akakimbilia kwenye majani chini yake, akamnyanyua mtoto juu. "Mama Afisa! Mtoto ndiye huyu!"

Kichwa kikachomoza, miwani juu ya paji la uso. Lakini Kishindo alikuwa amempa kisogo, macho yote kwenye filimbi ya Bawabu.

"Naona kofia tu, mwanangu," akasema Afisa. "Kofia siwezi kuigongea mhuri. Na kushuka siwezi, mhuri hautoki chumbani, na nikifunga chumba hawa wa kwenye foleni watanila nyama."

Tukaimba. Tukapiga makofi. Mimi nilicheza dansi mbele ya watu wanaonifahamu. Kishindo hakugeuka. Juu tukasikia madirisha ya jirani yakifungwa moja baada ya jingine, na Mkono-Mmoja akamteremsha mtoto, machozi yakimlengalenga. Katika vita vyote vile hakuna kilichoniuma kama hicho.

Bawabu akaguna. "Mjukuu wangu naye ni hivi hivi, bila filimbi hakutazami." Akaninyooshea kidole. "Wewe mcheza dansi, shika lango. Asipite mtoto!"

Akapanda ngazi akihema, akatokeza dirishani ubavuni mwa Afisa, akajaza mashavu, akapuliza! Mama akamnyanyua tena Kishindo, naye akageuka, akainua uso wote, akacheka mpaka ufizi ukaonekana, na kwa furaha iliyomzidi nguvu akavua kiatu akakirusha. Kikapita dirishani, kikatua mezani kwa Afisa.

Bawabu akakiokota, akakigeuza juu chini.

"Kiatu si mtoto," Bawabu akatoa hukumu. "Kiatu kinaruhusiwa."

"Sura nimeiona," akasema Afisa, akicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Na shabaha yake nimeiona." Mhuri ukashuka, pa! Foleni nzima ikapiga vigelegele.

Jumatatu Kishindo akalala kituoni. Mama yake akasimama karakanani, meza ya pili kutoka yangu, na kwa mazoea mkono wa kushoto ukaenda kiunoni, kama unaoshikilia mtu. Akautazama. Akauvika glavu mpya, akateremsha kinyago, akawasha moto.

Andikeni basi, enyi wanahistoria wavivu, na wino usikauke: kwamba siku ile mama Kishindo alichomelea chuma kwa mikono yake yote miwili, na mshono wake ulinyooka kuliko wangu. Hatukumwita tena Mkono-Mmoja.