Ndani ya Friji la Karne

Jumatano, 3 Juni 2026
Ukungu. Baridi. Mimi nachemka! Jumamosi kikundi chetu cha mashabiki wa tamthilia ya Friji la Karne kinachagua mwenyekiti. Hoja ni moja tu: lile friji linalosafiri kwenye nyakati, ndani lina ukubwa gani? Mimi nasema kubwa kama Kreta yetu ya wanyama hapa jirani, na ziwa lake humohumo. Zulfa, muuza mashuka ya Kimaasai wa duka la jirani, anasema ndani ni dogo vilevile, ila abiria wanasinyaa. Wanasinyaa! Na watu wazima wanampigia makofi. Nikikosa uenyekiti huu, nahama Karatu.

Alhamisi, 4 Juni
Nimepata! Si nauza mafriji ya mtumba? Moja bovu nimeling'oa mgongo na kulisukuma hadi kwenye ukuta wa plaiwudi unaonitenga na stoo ya Zulfa. Nimekata tundu. Ukifungua mlango wa friji, mbele yako ukumbi mzima! Fundi Tluway kauliza kama Zulfa ana habari. Nimemjibu kwamba sayansi haipigi hodi.

Jumamosi, 6 Juni
Wote wamekuja dukani kwangu, ila Zulfa hakutokea. Kaogopa! Wa kwanza kuingia alikuwa Lemayian, aliyetoka mbali huko Piyaya kwa ajili ya kura tu. Hakurudi. Akaingia Hamisa. Hakurudi. Wakafuata wengine wote. Kimya! Nikatangaza kwamba wamepotelea kwenye upana, nikacheza peke yangu dukani.

Kisha nikasikia watu wanabishana bei.

Nikawafuata. Tumbo likakwama tunduni. Ng'ambo, Zulfa amekaa na chai yake, Lemayian anajaribu shuka jipya, wengine wamepanga foleni. Kumbe unga wa mbao ulimwangukia tangu juzi, akanyamaza. Akawaomba wanitazame vizuri, waseme wenyewe kama friji ndani ni kubwa au dogo. Kura zikapigwa papo hapo. Nami nilitaka kunyoosha mkono, ila ulikuwa umebanwa. Nilitolewa kwa mafuta ya alizeti. Nimeumia, tena si mbavu tu.

Jumapili, 7 Juni
Mwenyekiti Zulfa kaniletea uji. Pole sana, kaka Shaabani, kasema, na tundu nisilizibe, kwani hajawahi kuuza vile. Uji mtamu, shenzi!

Nimekaa nimetafakari. Nimekiri kosa langu kwa moyo mweupe. Nilikosea ukuta! Nyuma ya huu wa kushoto kuna bucha. Friji ndani ya bucha, nani atashtuka? Tluway kesho analeta msumeno.