Nilivyougua Ili Pasaka Iwe Kwangu

Jumatatu, 30 Machi

Dada amepiga simu asubuhi, nikiwa na misumari mdomoni. Pasaka itakuwa kwake. Hakuuliza, ametangaza. Nije mapema, nibebe soda. Soda! Mtoto wa kiume wa pekee, fundi makochi kwa miaka kumi na tisa, nibebe soda kama mgeni wa mgeni.

Tangu Mama afariki mwaka jana, nyumba ya wazazi imefungwa na Baba amehamia kwa Dada. Hii ndiyo Pasaka ya kwanza bila Mama, na mimi nilishajiandaa. Sebuleni kwangu kuna seti mpya ya makochi ya watu saba, rangi ya damu ya mzee, sponji ngumu, mbao nilizochagua mwenyewe. Hakuna aliyeikalia ila mimi, na mimi nakalia upande mmoja tu.

Nimemwambia Dada kwangu kuna nafasi. Akasema kwangu hakuna hata mwiko. Ni kweli. Mke wangu alipoondoka aliondoka na vyombo.

Hata hivyo nimekata shauri. Pasaka itakuwa hapa. Namna gani, bado sijui.

Jumatano, 1 Aprili

Nimejua. Nikiumwa, hawatathubutu kula na kucheka huku mwenzao yuko kitandani. Watakuja wote, na sufuria zao. Wataingia sebuleni. Watakaa.

Nimempigia Dada kwa sauti ya kukatika. Kifua kinabana, nimesema, na miguu haina nguvu. Alinyamaza muda mrefu. Nikajua nimempata. Kisha akauliza kama nimemaliza, maana leo ni siku ya wajinga na yeye ana nguo za kufua.

Sikuwa nimeangalia tarehe.

Ilibidi nikohoe hadi jirani akagonga ukuta. Ndipo Dada akaingiwa na wasiwasi. Akasema atamweleza Shemeji.

Alhamisi, 2 Aprili

Shemeji ni mwalimu mkuu na huuliza habari kama anayesahihisha mtihani. Kikohozi kilianza lini? Kikavu au cha makohozi? Usiku au mchana? Sikuwa nimejiandaa. Nikajibu vyote.

Saa moja baadaye akapiga tena. Wamekaa kikao. Kwa kuwa nyumbani kuna watoto, na kwa kuwa kikohozi changu ni cha kila aina, hakuna atakayenikaribia mpaka nipone. Chakula wataniwekea mlangoni, wagonge, waondoke.

Nikamwambia kusema kweli tangu asubuhi najisikia nafuu kubwa. Shemeji akasema, kwa huruma, kwamba wagonjwa wa kifua ndivyo walivyo. Hupata nafuu kubwa muda mfupi kabla ya kuzidiwa.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Sikwenda ibadani. Mgonjwa atakwendaje? Nimechungulia kwa pazia, nikawaona watu wakirudi kimya kimya, wawili wawili. Nimefuta makochi vumbi mara mbili. Nimeondoa nailoni, nimerudisha nailoni. Mchana mzima sikusema neno na mtu. Kufikia jioni nilikuwa nakohoa bila kukusudia.

Jumamosi, 4 Aprili

Saa kumi mlango umegongwa. Nikajua ni chakula, nikafungua na nyundo mkononi. Alikuwa Baba! Peke yake, na mkoba mdogo na chupa ya uji. Shemeji alimkataza, Dada akalia, yeye akavaa kofia akapanda basi. Ana miaka sabini na sita.

Nikarudi kitandani na viatu, nyundo nimeificha chini ya blanketi. Nikamwambia akae sebuleni, apumzike, makochi ni mapya. Hakuyatazama hata kidogo. Alipita moja kwa moja hadi karakana ya nyuma, akarudi na kile kistuli changu kibovu ninachopandia kufikia rafu, akakiweka kando ya kitanda. Kisha akafungua dirisha ili nipate hewa.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Asubuhi Baba amenitakia Pasaka njema, akanimiminia uji uliopoa. Mchana Dada alipiga simu. Nyuma yake nilisikia sahani, watoto, na Shemeji akitoa hotuba. Baba aliwatakia heri kwa maneno mawili, akakata. Sisi tulikuwa na mkate na chai ya rangi.

Baba alichovya mkate kwenye chai. Kisha akasema, "Mama yako alianza na kifua hivi hivi."

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

"Aliniambia mara tatu. Nikamwambia aache kudeka, anataka nimwoshee vyombo tu." Akasugua goti lake. "Safari hii nimesema nisingoje kuambiwa mara ya pili."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Nililiona neno lenyewe, fupi tu, liko tayari ulimini. Nikafungua mdomo. Nikakohoa.

Baba akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu nikiwa darasa la pili. Mkono wake ni mkavu na mwepesi kuliko nilivyodhani. Roho ilinisuta vibaya mno.

Nikakohoa tena, asije akauachia.

Jumatatu, 6 Aprili

Dada na Shemeji wamekuja na gari kumchukua. Wamesimama kizingitini, vitambaa mdomoni. Shemeji alinyoosha mkono akaweka mkoba wa Baba juu ya kochi kubwa akitafuta funguo. Dakika nne. Hicho ndicho kitu pekee kilichokalia makochi yangu Pasaka hii.

Dada aliyatazama. Akasema ni mazuri sana, kisha akauliza ni ya mteja gani. Nikasema wa mbali.

Baba aligoma kuondoka. Akawaambia kwa fahari kwamba mgonjwa anaanza kupata rangi, na kazi yake haijaisha. Dada akamshika bega taratibu kama mtoto. Baba alipokuwa akiingia garini nilimsikia akikohoa. Lile dirisha lilikuwa wazi siku mbili, na yeye ndiye aliyekaa mbele yake.

Jumatano, 8 Aprili

Dada amepiga simu. Baba ana mafua na homa kidogo. Hataki kugusa chakula kabla ya kuambiwa kama mimi nimekula. Dada alisema nikipona niende nikae nao, watoto watabanana chumba kimoja. Alisema kwa upole, bila soda. Ningeweza kumwambia nimepona. Nimemwambia naendelea vizuri, ila miguu.

Nimekaa sebuleni nikafikiri. Kosa lilikuwa kifua. Watu wanaogopa kifua. Lakini mguu je? Mguu hauambukizi mtu. Mwenye mguu mbaya haendi popote, lazima afuatwe alipo. Na Krismasi ni miezi minane tu.

Nimekwenda kununua misumari nikichechemea kidogo, upande wa kushoto, kujizoeza. Muuza vifaa ameniuliza nimepatwa na nini. Nikamjibu kwamba bado ni mapema mno kusema.