Suti ya Mzee Nejat

Jumatatu, 7 Septemba 1987
Balaa. Jana Waturuki wamepiga kura, na wanasiasa waliofungiwa na wanajeshi sasa ruksa kurudi ulingoni. Mmojawao ni Mzee Nejat, ninayepiga naye pasi kwenye duka la dobi hapa Hounslow. Aliwahi kuongoza chama. Bungeni walikuwa wawili, na yule wa pili akahamia chama kikubwa. Kisha mapinduzi, jela, London. Anaondoka Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo mimi nagombea uenyekiti wa Watanzania wa hapa dhidi ya nesi Winifrida. Mzee aliniahidi kukaa mstari wa mbele na kunionyesha pa kunyamaza katika hotuba yangu. Na mchana nitakula na nani?

Jumanne, 8 Septemba
Nimeificha suti yake ya safari. Nimeibandikia namba ya mteja mwingine, nikaitundika katikati ya makoti. Mwenyekiti wa chama hawezi kushuka Ankara na sweta. Nimejipongeza.

Alhamisi, 10 Septemba
Haiulizii suti. Suruali moja kaipiga pasi mara tatu. Nimemuuliza kama ameghairi. Akasema wenzake watatu watampokea uwanjani, mmoja haoni tena. Chama kizima kitaenea kwenye teksi moja. Nikaunguza kola ya mtu.

Ijumaa, 11 Septemba
Nimeshindwa. Nimeitoa suti, nikaungama.
"Niliiona tangu Jumanne," akasema.
"Mbona hukuichukua, Mzee?"
"Naogopa kwenda, Evodius. Ukanipa kisingizio."
Nikainyoosha mwenyewe, mpaka bitana.

Jumamosi, 12 Septemba
Uchaguzi saa nane. Ndege saa nane. Nimekwenda Heathrow kumbebea sanduku. Akanikumbatia, akaninong'oneza siri ya uongozi: watembelee watu, wasikilize, usiwaahidi kitu. Akaingia ndani, mabega yamenyooka kama ya kijana. Nimelia chooni. Kidogo tu.

Jumapili, 13 Septemba
Winifrida kapita bila kupingwa. Amenipigia simu kunipa pole ya Mzee, akaniomba niwe katibu wake. Nimekataa kwa heshima. Nina cheo kikubwa zaidi: nimejiteua Mwakilishi wa chama cha Mzee Nejat, Uingereza nzima. Mchana nimewatembelea Waturuki wa mgahawa wa jirani, nikamwahidi kila mmoja uwaziri. Wamecheka sana, wakaninywesha chai. Nadhani wameshawishika. Kituruki nitajifunza baadaye.