Mlima Niliouona Kwanza

Jumatatu, 12 Januari 1931
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mlima hupewa jina la aliyeuona kwanza. Si hivyo. Hupewa jina la yule ambaye mwenzake amemtaja mezani. Kujitaja mwenyewe ni aibu; sisi Wanorwe tungeona afadhali mtu aibe vijiko. Nafafanua haya kwa sababu leo, hapa melini Antaktika, nimeuona mlima! Kusini, nyuma ya barafu, mweusi, haumo katika ramani yoyote. Nilipiga kelele melini kote. Daktari wa meli, Birkeland, akasema ni wingu. Wingu halikuondoka. Nikainamisha uso, nikangoja nitajwe. Wakanywa kahawa. Kapteni akasema jina litachaguliwa Ijumaa, chakula cha jioni.

Jumanne, 13 Januari
Shemeji yangu Anfinn ana kichochoro chenye jina lake kule nyumbani Sandefjord, nyuma ya kiwanda cha samaki. Kila Krismasi anatukumbusha. Niliapa mbele ya kwaya nzima kwamba nitarudi na mlima. Miaka arobaini nimefundisha jiografia, na hata kijito hakina jina langu!
Daktari ana bonde zima la barafu. Alimng'oa Kapteni jino. Kesho yake Kapteni akamtaja. Basi siri ni huduma. Nilimwuliza kwa upole kama naye angenitaja mimi. Akauliza, kwani Mwalimu umeshakufa, hata utajwe kama marehemu? Mjinga.

Jumatano, 14 Januari
Nimepata njia. Mpishi, Gudleik! Kapteni humsikiliza kuliko dira. Nimejitolea kumenya viazi. Nikamweleza jinsi milima inavyozaliwa. Akasema nimenye tu, mzee, viazi havina masikio. Akaokota kimoja, akakigeuzageuza, akauliza kama nina ugomvi nacho. Nilimdokeza kwamba mlima ule una mwenyewe. Akasema nisijali, Ijumaa atasimama aseme neno.
Atasimama!

Alhamisi, 15 Januari
Gunia zima. Nimejikata kidole. Daktari alikifunga akicheka, akauliza kama siku hizi nachonga vinyago. Nimeandika hotuba ya shukrani. Sehemu ya Anfinn ni ndefu kidogo.

Ijumaa, 16 Januari
Supu. Gudleik akasimama. Nikashika hotuba mfukoni, nikajifanya natazama chumvi.
Akasema mlima ule una pembe nne na ncha iliyopinda, na duniani kote ameona kitu kimoja tu kinachofanana nao. Akachovya upawa, akatoa kiazi nilichomenya mimi. Wakakipeleka dirishani, wakakilinganisha na mlima. Kilifanana. Hata ufa wa upande wa kushoto!
Kapteni alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akaandika kwenye ramani, kwa wino: Kilele cha Kiazi. Daktari akanipigia makofi. Akasema hongera, Mwalimu, umeumba mlima kwa mkono wako.
Hotuba nimewashia jiko.

Jumamosi, 17 Januari
Nimetafakari kwa utulivu. Mpango ulikuwa mzuri. Makosa ni ya viazi. Mtu akimenya kiazi hukipa umbo. Samaki je? Huyo ameshaumbwa, hakuna wa kunilaumu.
Na asubuhi hii kimeonekana kilele kingine! Mashariki, kirefu zaidi, chembamba, kimechongoka mgongoni kama pezi. Nimekiona kwanza tena.
La kufanya leo: mwombe Gudleik kisu, umparie samaki wote magamba kabla ya chakula cha mchana.